UZI: Wanawake wa mavazi meupe wa Liberia. Kabla ya kumkabili Taylor walikabiliana wao kwa wao

Mama Usharika (mleta uzi)

Wadau, salaam. Shikamooni wakubwa.

Wiki iliyopita kikundi chetu cha wanawake wa mtaa kilikutana barazani kwa mama mmoja. Ni kikundi cha mchanganyiko, mtaa wetu una msikiti na usharika wa KKKT, katikati ni barabara ya vumbi tu. Tulikuwa tunamzungumzia jirani yetu anayepigwa na mumewe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida haongei, akasema: "Kuomba tumeomba. Nyie kwenu, sisi kwetu. Sasa baada ya kuomba ndiyo nini?"

Tukanyamaza. Mimi nikaanza kuwasimulia habari za Liberia, nikagundua wengi hawaijui kabisa, na wawili walioijua waliijua kwa jambo moja tu: mgomo wa unyumba. Nimeumia. Kwa hiyo nauleta huu uzi nieleze ninavyofahamu. Ni mrefu, mnivumilie.

Vita vya Liberia vilianza mkesha wa Krismasi 1989, Charles Taylor alipoingia na wapiganaji wake akitokea Ivory Coast. Vikapoa, Taylor akachaguliwa rais 1997, na 1999 vikawaka tena, safari hii yeye akiwa ndiye serikali na waasi wa LURD wakimjia kutoka kaskazini. Mwaka 2003 likazuka kundi la pili, MODEL. Kwa jumla wanahesabiwa waliokufa hadi 250,000 katika nchi ambayo wakati huo watu wake walikuwa kama milioni tatu. Watoto walipewa bunduki na dawa za kulevya. Ubakaji ukawa silaha kama silaha nyingine.

Sasa shikeni jina la kanisa hili: St. Peter's Lutheran, Monrovia, mtaa wa Sinkor. Usiku wa tarehe 29 Julai 1990 askari wa serikali ya Samuel Doe, rais wa wakati huo, waliingia humo. Kanisa lilikuwa limejaa wakimbizi, wengi wao Wagio na Wamano, kabila zilizodhaniwa kuwa upande wa waasi. Waliuawa watu wapatao 600. Kina mama na watoto ndani ya nyumba ya Mungu, kwa sababu ya kabila.

Miaka 12 baadaye, katika kanisa lile lile, wanawake wachache wa Kilutheri walianza kukutana kila Jumanne saa sita mchana kufunga na kuomba amani. Mimi ni Mlutheri, na kila nikifikiria mahali walipopiga magoti nasisimka. Aliyewaita ni Leymah Gbowee, mfanyakazi wa ushauri nasaha kwenye mradi wa kanisa, mama wa watoto wanne. Alikuwa akiwahudumia pia vijana waliotoka kwenye jeshi la watoto. Anasimulia kwamba aliota ndoto, sauti ikamwambia akusanye wanawake waombe. Akaamka akidhani ujumbe umepotea njia, kwa sababu aliishi na mwanamume bila ndoa na hakujiona mtu wa kutumwa na Mungu. Akawapelekea wengine aliodhani wanastahili. Wakamrudishia: mwenye ndoto ndiye mwenye kazi.

Hadi hapo ni hadithi ya kanisa. Kilichobadilisha mambo ni mwanamke mmoja aliyesimama kwenye mkutano wa wanawake wa Kikristo mle kanisani akasema yeye ni Mwislamu, pengine peke yake humo ndani, na kwamba anakwenda kuwaleta wenzake. Huyo ni Asatu Bah Kenneth. Alikuwa afisa wa polisi. Hebu jiwekeni mahali pake: mwanamke wa Kiislamu, polisi wa serikali inayopigana, anasimama kanisani kuzungumza.

Naendelea, msifunge.

Mama Usharika

SEHEMU YA PILI

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu hapa ndipo sisi tunapokwama.

Wakristo wengine walikataa. Walisema kushirikiana na Waislamu ni kuichafua imani. Liberia ilikuwa na historia ya hilo: Wamandingo, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa wakiitwa wageni kwenye nchi waliyozaliwa, na vita viliongeza chumvi kwenye kidonda, maana LURD wengi wao walikuwa Wamandingo. Kwa hiyo mama wa Kikristo aliyefiwa na mwanawe kwa risasi ya LURD alikuwa anaambiwa akakae mkeka mmoja na dada wa aliyefyatua, na mama wa Kimandingo aliyechomewa nyumba na watu wa serikali anaambiwa hivyo hivyo. Hilo halimalizwi kwa wimbo.

Walilimaliza kwa kukaa. Walikutana, kila mmoja akaeleza yaliyompata. Na kulikuwa na swali moja walilorudia kila aliposimama mtu kupinga: je, risasi inachagua? Inamjua Mkristo na Mwislamu? Basi wakaanza kazi ya miguu. Ijumaa mchana walikuwa nje ya misikiti, Jumamosi sokoni, Jumapili makanisani, wakigawa vikaratasi. Kwa wasiojua kusoma walichora picha.

Wakatumia akili pia. Taylor alijionyesha kuwa mtu wa kanisa, viongozi wa LURD walikuwa watu wa msikiti. Basi kina mama wa Kikristo wakawabana maaskofu na wachungaji, kina mama wa Kiislamu wakawabana maimamu: nyie mnakaa nao, mnawaombea dua, waambieni waache kuua. Hii naona ni kazi kubwa kuliko maandamano yenyewe. Mwanamke muumini anajua nani anamsikiliza nani, na ile heshima anayowapa viongozi wake wa dini kila wiki, siku moja aliidai faida yake.

Aprili 2003 wakahamia uwanjani, ule wa karibu na soko la samaki, kando ya Tubman Boulevard ambako msafara wa Taylor ulipita kwenda na kurudi. Walivaa fulana nyeupe na vilemba vyeupe. Hereni hakuna, poda hakuna, nywele zimefungwa. Waliichukua kutoka kwa Esta wa Biblia na watu wake, wale wa kufunga na kuvaa magunia wakati watu wao walipotakiwa kuangamizwa. Walikuja alfajiri, wakaimba, wakacheza, wakaomba Kikristo na Kiislamu, jua la pwani ya Afrika Magharibi linawachoma, na msimu wa mvua ulipoingia waliketi kwenye mvua. Ving'ora vinapita, vioo vimefungwa, wao wapo. Kesho tena wapo.

Tarehe 23 Aprili Taylor akawapokea. Gbowee alisema aliyotumwa huku ameelekeza uso kwa Grace Minor, kiongozi wa Seneti, mwanamke, ampelekee rais maneno ya wanawake. Madai yalikuwa matatu tu: mapigano yasimame bila masharti, pande zote zikae mezani, na jeshi la kulinda amani lije. Hawakuomba vyeo wala kusema nani ashinde.

Baada ya hapo baadhi yao wakasafiri hadi Freetown, Sierra Leone, kuwashawishi LURD nao waje kwenye mazungumzo. Wakaja.

Mkwezi wa Nazi

Dada, asante kwa uzi. Lakini nina shaka mbili. Moja, haya mambo mara nyingi yana fedha za wazungu nyuma yake. Pili, vita viliisha kwa sababu Taylor alikuwa amezidiwa kijeshi na mahakama ilishamtaka. Kina mama walisaidia, sawa, ila tusiwape ushindi usio wao.

Mama Usharika

Mkuu, hoja zako ni za msingi.

La kwanza: mtandao uliowabeba, WIPNET, ulianzishwa na wanawake wa Afrika Magharibi wenyewe chini ya WANEP, mtandao wa kujenga amani wa Afrika Magharibi, na aliyeubuni ni mwanasheria wa Kinigeria, Thelma Ekiyor. Fedha za wafadhili zilikuja, ndiyo. Lakini hakuna mfadhili anayeweza kumlipa mama aketi mvuani wakati mabomu yanaanguka mjini.

La pili nakubaliana nawe nusu. Mazungumzo yalifunguliwa Ghana tarehe 4 Juni 2003, na siku hiyo hiyo Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ikatangaza mashtaka dhidi ya Taylor. Akarudi Monrovia mbio. Waasi waliukaribia mji, kweli. Ila angalia kilichofuata. Wajumbe walibaki Ghana wiki baada ya wiki, wanalala kwenye hoteli nzuri, wanakula, wanagombania wizara. Walipokuwa msituni hawakuwa na haraka, na hotelini haraka ikapungua zaidi. Huku nyumbani watu wanakufa.

Tarehe 21 Julai makombora yaliangukia Greystone, eneo la ubalozi wa Marekani mjini Monrovia lililokuwa limejaa waliokimbia makwao. Siku hiyo kina mama waliokuwa Accra, Ghana, kwenye mazungumzo, pamoja na wenzao kutoka kambi ya wakimbizi ya Buduburam, wakaketi mlangoni mwa ukumbi, wakaunganisha mikono kwa mikono. Hatoki mtu mpaka wakubaliane. Gbowee akapeleka kijikaratasi kwa msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, kumjulisha kwamba wajumbe wamezuiliwa.

Walinzi wakaja kumkamata, wakisema anazuia haki isitendeke. Neno hilo, haki, ndilo lililompasua. Akafungua kilemba akaanza kuvua nguo. Kule, kama ilivyo kwa makabila mengi ya kwetu, mama mtu mzima akijivua kwa makusudi mbele yako hiyo ni laana, na wale walinzi walijua. Walirudi nyuma. Mjumbe mmoja wa waasi alipotaka kuwaruka kina mama atoke, jenerali mwenyewe alimzuia akamwambia arudi akakae.

Taylor alijiuzulu tarehe 11 Agosti akaenda Calabar, Nigeria. Mkataba ulitiwa saini tarehe 18 Agosti. Silaha zilimdhoofisha Taylor, nakupa hilo. Lakini waliokuwa mezani hawakusaini mpaka mlango ulipofungwa.

Mwanafunzi wa Chuo cha Dini

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini. Mimi ni Mwislamu, na sehemu ya kuvua nguo siwezi kuipitisha. Dini yetu inamtukuza mwanamke kwa stara, na jambo jema halitafutwi kwa njia iliyokatazwa. Mengine yote nayaunga mkono. Mtume (s.a.w.) amesema msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa. Maswahaba wakauliza, akiwa dhalimu tunamsaidiaje? Akasema, mzuie na dhulma yake. Hao kina mama waliwaendea maimamu na hilo hasa.

Mama Usharika

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nakuheshimu, na sitakuambia uipitishe. Hata kanisani kwetu wapo ambao sehemu hiyo huiruka wakisimulia.

Naomba tu uiangalie kwa upande huu. Kwa miaka 14 wanawake na wasichana wa nchi ile walivuliwa nguo kwa mtutu wa bunduki, mbele ya waume zao na watoto wao. Wakati huo ni wangapi waliosimama kuzungumzia stara? Yule mama alikuwa anawaambia: mlichokuwa mnatunyang'anya kwa nguvu, sasa nawatupia usoni. Mimi sioni uchafu hapo, naona uchungu.

Na si mbali na kwetu. Nairobi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pale Uhuru Park, wakiwa na Wangari Maathai, wakidai wanao waachiwe. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya wale mama wazee wakavua nguo. Wangari alipigwa akazimia. Halafu kina mama wakapokelewa kanisa kuu la Anglikana la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote walipoachiwa. Kanisa liliwafungulia mlango likijua serikali inatazama.

Hadithi ya Mtume uliyoileta nitaisoma kwenye kikundi, kama hutajali. Ndiyo jibu la yule mama kuliko maneno yangu yote.

Mwanafunzi wa Chuo cha Dini

Isome, dada. Na uwaambie kumzuia mume anayepiga ni kumsaidia yeye pia, asiende mbele ya Mola wake na mzigo ule.

Binti Isiolo

Nimefurahi kuona hii mada. Naomba niwape ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, maana wengi hapa, hata Wakenya wenzangu, hawaijui.

1992 kulikuwa na ukame mbaya, mifugo imekufa, na koo za Kisomali zilipigana vibaya sana: Waajuran, Wadegodia, Waogaden. Wote Waislamu, Kur'ani moja, kibla kimoja. Kwa hiyo tusidhani dini ikiwa moja chuki haiingii.

Marehemu Dekha Ibrahim Abdi alisimulia kwamba usiku mmoja risasi zilikuwa zinalia, yeye amejificha chini ya kitanda na mtoto wake mchanga. Asubuhi mamake akamwambia kwamba miaka ya sitini alijificha vivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa amembeba alikuwa ni Dekha mwenyewe. Akajiuliza kama binti yake naye atakuja kujificha na wa kwake.

Wakaanza wanawake wachache wa koo tofauti, baada ya kukutana kwenye harusi. Mahali walipoanzia ni soko. Wakati huo mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wala hanunui kwa wa ukoo ule, mnaelewa maana yake kwa mtu anayetegemea maziwa ya siku hiyo kulisha watoto? Wakaweka wanawake wa kulisimamia soko, kila mmoja auze na anunue bila kubughudhiwa, na tatizo likitokea linaletwa kwao. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee. Na hao wazee wakaongozwa na mzee wa ukoo mdogo ambao haukuwa na upande. 1993 ikatoka Azimio la Al-Fatah, makubaliano ya amani ya koo hizo, na 1995 kazi yote ikawekwa ndani ya kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya. Mfano huo ndio uliokuja kuigwa sehemu nyingine za Kenya.

Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007. Alifariki Julai 2011 kwa ajali ya barabarani. Alikuwa akirudi kwenye Kur'ani kila mara, si kwa kupamba hotuba bali kupima: hili tunalotaka kufanya, aya inasemaje? Allah amrehemu.

Mama Usharika

Amina. Binti Isiolo, umenipa kitu. Soko la samaki kule, soko la maziwa huku. Wote walianzia mahali ambapo wanawake tayari wapo kila siku na hakuna wa kuwafukuza.

Mtoto wa Bukavu

Mimi niko Bukavu. Hapa kwetu hospitali ya Panzi, ile ya daktari Mukwege inayotibu wanawake waliobakwa, iko chini ya makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC tangu 1999. Kazi yao ni njema sana. Lakini mama akipona akirudi kijijini, kanisa lake mwenyewe linamwambia anyamaze asiaibishe familia. Hapo ndipo tunapougua. Huko Liberia walifanyaje baada ya vita?

Mama Usharika

Ndugu wa Bukavu, pole sana. Nitakujibu bila kupamba.

Desemba 2003 Umoja wa Mataifa ulianza kukusanya silaha kwenye kambi ya Schieffelin. Wapiganaji walikuja wengi kuliko walivyotegemewa, maandalizi hafifu, ikawa vurugu na watu wakafa. Kina mama walikuwa wameshaonya kwamba hawajajiandaa. Zoezi likasimamishwa hadi Aprili mwaka uliofuata, na safari ya pili wanawake wakashirikishwa kuzungumza na vijana. 2005 walizunguka kuwaandikisha wanawake wapige kura, na Ellen Johnson Sirleaf akashinda. 2011 yeye, Gbowee na Tawakkol Karman wa Yemen walipewa Nobel ya amani. Mwaka uliofuata tu Gbowee alijiuzulu kwenye tume ya maridhiano akimkosoa Sirleaf hadharani kwa kuwapa wanawe vyeo. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa Nobel.

Taylor alihukumiwa miaka 50 mwaka 2012, lakini kwa makosa ya Sierra Leone. Kwa yaliyotendeka Liberia yenyewe, rais Boakai alisaini agizo la kuandaa mahakama ya uhalifu wa kivita Mei 2024, miaka zaidi ya 20 baada ya mkataba. Ubakaji haukuisha na bunduki. Wanawake wengi waliobakwa bado wanaishi jirani na waliowabaka.

Na kuhusu mgomo wa unyumba ambao kila mtu anaukumbuka: Gbowee mwenyewe amesema haukuwa na matokeo makubwa, ila uliwaletea waandishi wa habari. Ndiyo maana sikuuanza nao. Wanawake walikaa juani miezi mingi, wakabaki wanakumbukwa kwa kitanda.

Mkwezi wa Nazi

Dada, nimekuelewa na nimebadilika kidogo. Swali la mwisho: kikundi chenu kilifikia wapi kuhusu huyo jirani?

Mama Usharika

Nitaeleza bila kumtambulisha.

Huyu mama alishakwenda kwa mzee mmoja wa kanisa akaambiwa avumilie na amwombee mumewe. Mimi nilijua siku nyingi, na nilinyamaza, kwa sababu mzee huyo namheshimu. Hilo nimelitubu.

Jana tulikutana tena. Mkutano ulitaka kuvunjika mwanzoni kabisa, kwenye sala: nani aanze, na ifungwe kwa jina gani. Tulibishana karibu nusu saa, kahawa ikapoa kwenye birika. Dada mmoja wa kwetu akachukua kanga yake aondoke. Ndipo yule mama mtu mzima wa Kiislamu akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi kwa miaka kumi nimekuwa nikisikia kilio cha yule kupitia ukuta. Kaa." Akakaa. Kila mmoja akaomba kimya kwa namna yake, tukaendelea.

Tumegawana kazi. Watatu wa kwetu wanamwona mchungaji, wawili wa kwao wanamwona imamu, maana mume ana rafiki wanaoswali pale na huwasikiliza. Watoto wana pa kulala nyumba mbili tofauti, wakati wowote, bila kubisha hodi. Na kesho saa tatu asubuhi tunamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Tulitaka twende wote na sare nyeupe, mwenyewe ametuomba tusivae, hataki mtaa mzima ujue. Kwa hiyo tunaenda wanne na nguo za kawaida, na wengine watakaa nje ya geti, kama watu wanaosubiri daladala.

Nitarudi hapa kesho jioni.